Fundi wa Vioo Aliyeogopa Kioo

Haya, sogeeni, sogeeni nyinyi wote wa steji hii! Jam ya Nakawa leo imelala barabarani kama ng'ombe aliyeshiba, hakuna gari inakwenda popote, na abiria wetu wameamua kutembea kwa miguu. Wewe mwenye chapati, kaa huku upepo unakotoka ili na sisi tupate harufu. Wewe unayependa kunikatiza, shika mdomo wako kwa mikono miwili. Nataka niwape habari za Fundi wa Vioo. Siongezi kitu. Nikiongeza, ni kidogo tu, kama chumvi.

Jina lake nalijua, ila halina kazi hapa. Hata pale Kibuli, chini ya mteremko alikokuwa na kibanda chake, hakuna aliyelitumia. Usoni tulimwita Afande, kwa sababu alitumikia polisi, akiwa dereva na fundi wa magari yao, mpaka wakamstaafisha. Mgongoni tulimwita Fundi wa Vioo, maana kazi yake ilikuwa moja tu: madirisha ya umeme kwenye magari ya zamani. Yale yanayopanda polepole, yanayofika nusu na kugoma, yanayoshuka siku ya mvua na kukataa kurudi. Ukimpelekea injini anakuangalia kama umemletea mbuzi wa kuzalisha. "Injini peleka kwa watu wa injini," anasema. "Mimi nashughulika na pumzi ya binadamu."

Na kitu kimoja mkijue tangu sasa, maana habari yote imening'inia hapo. Mtu huyu hakuweza kukaa ndani ya gari iliyofungwa vioo. Hata dakika moja. Na kule kwao kaskazini, ukishavuka daraja la Karuma, alikuwa na dada yake mkubwa aliyemlea, ambaye macho yake yalikuwa yanakufa taratibu. Dada anamwita: njoo nikuone kabla hayajazima. Yeye hajafika huko kwa miaka kumi na mbili. Basi litampeleka vipi? Mnaona sasa. Mtu anafungua madirisha ya Kampala nzima, yeye mwenyewe kafungwa humo humo.

Mimi nilimfikia kwa sababu ya simu. Gari yangu mnaijua, hii hapa, Mjapani mzee. Siku zile madirisha yake yalikuwa mazito, nyinyi acheni. Ukibonyeza asubuhi, unakwenda kunywa chai, unarudi, kioo kimefika kwenye kitovu. Nilikuwa kwenye jam ya Jinja Road, mkono nje, simu kwenye paja. Nikaona kijana anakuja na macho ya kutafuta. Nikabonyeza haraka. Kidole ndicho kilikuwa haraka, kioo hakikuwa na habari. Kijana akaingiza mkono, akachukua simu, akaenda hatua tano, akakumbuka chaja, akarudi, akachukua chaja. Dirisha bado linapanda! Naapa, aliniambia, "Pole, mzee, hiyo itakusumbua, iangalie."

Na ukifika kwenye geti la jengo lolote hapa mjini, askari wa geti anataka akuone uso. Unabonyeza. Anangoja. Anaanza kukushuku. Mpaka kioo kifike kidevuni, ameshaita wenzake wawili na wanazunguka gari na kile kioo chao cha kumulika chini. Nilikuwa naonekana mhalifu kwa sababu ya mota.

Basi nikaenda Kibuli. Nikamkuta amevaa koti zito la polisi, jua la saa sita, na tai. Tai, jamani! Chini ya tai, shati lina mafuta ya gari ya miaka yote.

"Zima redio," akasema.

Nikazima.

"Zima na mdomo."

Nikazima.

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Akaweka sikio kwenye mlango wa gari, macho amefumba, kama daktari anasikiliza mimba.

"Unasikia nini?"

"Nasikia inanguruma, Afande."

"Haingurumi. Inalia. Mota hii haijazeeka. Inabeba kioo, inabeba mchanga wa Kampala nzima, na inabeba ujinga wako. Nani alipaka grisi humu?"

"Fundi mmoja wa Nakawa."

"Mwambie akapake kwenye mkate wake."

Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake. Kioo kinapita kwenye mfereji wa mpira, pande mbili. Ukipaka grisi au mafuta yoyote humo, siku ya kwanza kinakimbia, wewe unafurahi, unamwita mkeo aje aone. Wiki ya pili vumbi letu hili jekundu linakuja, linakaa juu ya mafuta, linakuwa udongo wa mfinyanzi, na mota inaanza kuvuta jiwe. Yeye alichukua mswaki mzee, maji ya sabuni na kitambaa alichokizungusha kwenye rula ya shule. Akasugua mfereji, akakausha, akasugua tena. Kwenye mlango mmoja tu alitoa udongo wa kujengea choo. Choo cha watu sita. Halafu akafungua swichi, akasafisha vile vishaba vya ndani na msasa laini kama ngozi ya mtoto. Akavuta nyaya pale mlango unapojikunja, maana hapo ndipo zinachoka. Mwisho kabisa akapuliza dawa ya silikoni, isiyoshika vumbi, kidogo sana, kama mtu anayejipulizia marashi aliyoazima.

Kupima ndiko kulikuwa sinema. Alisimama kando ya mlango ulio wazi, mwili nje, mkono peke yake ndani, akabonyeza, na papo hapo akaanza kupiga gwaride bila kwenda mbele. Kushoto, kulia, kushoto, kulia! Kioo lazima kigonge juu kabla ya hatua ya tisa. Kikifika tisa, anavua tai na anaanza upya. Watu walikuwa wanapita pale wakidhani ni mwendawazimu, na wengine walimpigia saluti, na yeye anarudisha.

Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na matundu. Kulikuwa na Hajjati mmoja wa hapo juu Kibuli, mwenye duka la vitambaa, mwili wake na sauti yake vyote vimeshiba. Akaja siku moja analalamika.

"Afande, mbona dilisha yangu inapanda kama mgonjwa anapanda ngazi?"

"Umepaka nini?"

"Mimi? Sijapaka kitu."

Afande akapitisha kidole kwenye mpira, akanusa. Akanusa tena. "Samli."

"Ni kidogo tu, bambi, usinikasirikie. Ilibaki ya pilau."

"Hajjati, gari haili pilau!"

"Na wewe unakula nini, mbona umekonda hivi mpaka tai inakuzunguka mara mbili?"

Afande, mimi nilimwona, aligeuka akajifanya anatafuta bisibisi, na bisibisi iko mkononi. Tangu siku hiyo kila Ijumaa baada ya swala Hajjati alimletea sahani ya pilau. Yeye, Mkristo wa kaskazini, aliipokea wima kama anapokea nishani. Akimaliza anaosha sahani mwenyewe, kwa ule mswaki wa vioo. Sijui Hajjati alijua. Mkimwona msimwambie.

Vituko vyake vingine? Chumba chake alichopanga kilikuwa na mlango wenye kufuli tatu, kubwa, za kufungia benki. Dirisha sasa, wazi, mchana na usiku, mvua na jua. Hakuna pazia, hakuna kioo. Nikamuuliza, "Afande, mwizi si atapita dirishani?" Akasema, "Apite. Lakini na mimi nitapita." Kitanda chake kiliota uyoga upande mmoja. Nasema kweli, uyoga, ningeweza kuuza.

Na kufanya kazi, alifanya mlango wazi na mguu mmoja uko chini, umekanyaga ardhi ya Kibuli. Ukitaka kumpa lifti anasema anatembea, ni mazoezi. Kutoka Kibuli mpaka Nakawa, mazoezi. Mpaka Kyambogo kwa msomi mmoja wa chuo ambaye madirisha yake yaligoma yote manne, mazoezi, na sanduku la vyuma begani. Tulimcheka. Mimi nilimcheka kuliko wote, kwa sababu mdomo huu haujawahi kukaa bure.

Niliacha kucheka siku ya yule mama. Alikuja anapiga kelele barabarani, funguo zimebaki ndani ya gari, milango imejifunga, vioo juu, na mtoto mchanga yuko kwenye kiti cha nyuma. Jua lile la kupasua. Watu tukakusanyika, kila mtu na ushauri wake, hakuna mwenye mkono. Afande hakuuliza kitu. Alikuja mbio na waya na kabari yake ya mbao, akasukuma kabari juu ya mlango, akaingiza waya, akavuta kitasa. Nafikiri hata gwaride lingekuwa halijafika hatua ya kumi. Mama akamshika mtoto, mtoto akalia, sote tukapiga makofi. Tukamgeukia Afande. Amekaa chini kwenye vumbi, tai imelegea, uso ameuelekeza kwenye upepo.

Aliniambia sababu siku nyingine, mvua imetubana chini ya mabati ya kibanda chake. Alisema mara moja, sikumuuliza mara ya pili. Akiwa polisi aliingia nyuma ya gari ya doria kutengeneza dirisha. Nyuma kule wanakokaa wafungwa, milango haifunguki kwa ndani. Mwenzake akapita, akaona mlango wazi, akaufunga kwa adabu, akaenda kula. Kioo kilikuwa kimegoma juu, kimebakiza nafasi ya vidole viwili.

"Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha," akasema. "Halafu nikaweka pua pale kwenye vidole viwili. Saa tatu nzima."

"Mwenzako akasema nini aliporudi?"

"Aliniuliza kama nimemaliza dirisha."

Mimi, mnavyonijua, nilitafuta kitu cha kuchekesha. Sikukipata. Tukaangalia mvua.

Sasa dada yake. Dada alikuwa mke wa askari zamani, amezunguka kambi zote za nchi hii, Kiswahili chake ni kile cha kuamrisha. Simu ya Afande ilikuwa ya vibonyezo, spika yake imeharibika ikabaki kwenye sauti ya juu tu, kwa hiyo dada akipiga, mteremko mzima wa Kibuli unasalimiwa.

"Wewe! Umekuja?"

"Bado, dada."

"Uko wapi?"

"Kibuli."

"Kibuli hiyo haina barabara?"

"Iko."

"Basi ipite! Leo asubuhi nimesalimia mbuzi, nilifikiri ni mke wa jirani."

"Mbuzi akajibu?"

"Alijibu vizuri kuliko wewe."

Tulicheka, na yeye alicheka, lakini akikata simu alikuwa anasugua kioo kimoja mpaka unahofia kitatoboka. Na msidhani hakujaribu. Alijaribu basi, yale mapya yenye baridi ya mashine, vioo havifunguki kabisa. Alikata tiketi, akapanda, akakaa. Kondakta akafunga mlango. Wanasema alitoka kabla mlango haujamaliza kujifunga. Pikipiki, mgongo wake ulikataa. Mara nyingine akapanda nyuma ya lori la kabichi, juu kabisa, upepo mtupu, anafurahi. Wakakaribia Karuma. Mnajua nyani wa Karuma, wanapora chakula kwenye magari bila aibu. Dereva akasimama, akafunika mzigo na turubai, na Afande yuko chini ya turubai pamoja na kabichi. Aliruka. Alifika Kibuli siku ya tatu, vumbi mpaka kwenye kope, na kabichi moja kwapani. Akaning'iniza koti, akauliza, "Nani anafuata?"

Halafu ikaja ile simu. Dada hakupiga kelele siku hiyo, ndiyo maana sote tuliacha kazi.

"Daktari amesema jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaona mchana tu, na siyo mchana wote. Jua likianza kushuka, na mimi nazima. Njoo. Nilikuosha masikio wewe, nataka nione kama bado ni makubwa."

Afande akasema, "Ndiyo, dada." Akabaki ameshika simu.

Mimi nikajisikia mdomo unasema, "Afande, nitakupeleka. Gari yangu, madirisha uliyoyatengeneza mwenyewe. Yote manne chini, kutoka hapa mpaka kwenu. Ukitaka nitang'oa na milango."

Akanigeukia. "Yote manne?"

"Mpaka chini."

"Ukipandisha hata kidole kimoja..."

"Nilaaniwe."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mimi nilipokuwa mjinga, na sitaki mtu mwingine asimulie ujinga wangu vibaya. Siku ya kuamkia safari, mchana, niliosha gari ikang'aa. Nikajaribu madirisha. Yalikuwa yameanza tena uzito kidogo, vumbi la miezi. Nikaona aibu. Afande ataingia, ataweka sikio, atasikia mota inalia, atajua sikusafisha. Muda wa kusugua na mswaki sina. Nikaingia jikoni kwa mke wangu. Nikatoka na samli.

Msiniangalie hivyo! Ilikuwa kidogo tu!

Nikapaka milango yote minne. Ehe! Vioo vikawa vinapanda na kushuka kama lifti ya hoteli. Nilimwita mke wangu aje aone.

Asubuhi tukaondoka. Afande amekaa mbele pembeni yangu, koti, tai, begi la vyuma miguuni kwa sababu bila hilo hajisikii amevaa, na zawadi za dada: sukari, sabuni, shuka. Kiwiko nje, uso wote nje, anameza upepo. Jam ya Bwaise ilitukalia saa nzima. Alishika mlango kwa mikono miwili, midomo inahesabu, lakini madirisha yako chini, akavumilia. Tukapita Bombo, tukapita Luweero, njia inatengenezwa, malori yanatumwagia vumbi jekundu mpaka meno yakawa matofali. Yeye anacheka! Mtu aliyekula vumbi lile anacheka. Akasema, "Dereva, saa nane tutakuwa pale. Jicho lake litakuwa bado liko kazini." Na mimi najiona shujaa. Sijui kwamba kila lori lilikuwa linatia unga kwenye samli yangu, na mimi nakanda chapati ndani ya milango minne.

Karuma. Lori mbele yetu limepunguza mwendo, na sisi tumepunguza. Nyani mmoja, mkubwa, sura ya mkuu wa kituo, ameona mkate kwenye dashibodi. Akaruka. Mikono yake miwili na kichwa viko ndani, upande wa Afande, wanaangaliana pua kwa pua. Jamani, sikufikiria. Kidole kilifikiria peke yake. Nikabonyeza swichi zote nne pamoja. Vioo vikapanda, vinasaga, vinalia, nyani akachomoa kichwa na nusu ya mkate, vioo vikagonga juu. Vyote.

Nikabonyeza chini. Kwanza tulisikia kitu kama mtu anatafuna changarawe. Halafu tak! Halafu hakuna kitu. Fyuzi imeungua.

 Ule ubaridi wa mashine gari yangu iliuacha zamani, kwa hiyo jua lilikuwa linatupika taratibu.

"Dereva."

"Afande."

"Fungua."

"Nafungua, Afande."

"Hakifunguki."

"Nakiona, Afande."

Akatoa fyuzi mpya mfukoni, akainama, akaipachika. Nikabonyeza. Tak! Akapachika nyingine, ya mwisho. Tak! Akapitisha kidole kwenye mpira. Akanusa. Nilitamani nyani arudi anichukue mimi.

"Samli," akasema, polepole sana.

"Ni kidogo tu, Afande."

Nikaanza kusogea pembeni ya barabara. Akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Usisimame! Ukisimama natoka. Nikitoka sirudi humu ndani, najijua. Nitarudi Kibuli kwa miguu, na dada yangu atabaki anasalimia mbuzi. Endesha!"

"Lakini Afande, utakufa."

"Basi nife nikielekea nyumbani. Endesha!"

Nikaendesha. Kutoka Karuma mpaka kwao ni mwendo wa kawaida, lakini siku hiyo waliivuta barabara ikawa ndefu mpaka Sudani. Jasho lilimtoka mpaka koti likabadilika rangi. Alikuwa anahema kwa sauti, pumzi fupi fupi. Akatoa bisibisi, akaanza kufungua ubao wa ndani wa mlango wake, ili akishike kioo kwa mkono akishushe kwa nguvu. Skrubu zinaanguka. Anaokota, anaanza tena.

"Sema kitu," akasema.

"Niseme nini?"

"Chochote! Miaka yote hunyamazi, leo ndiyo umenyamaza?"

Basi nikasema. Nilimwambia kuhusu mwizi wa chaja. Nilimwambia kuhusu kuku wa mama mkwe wangu aliyepanda boda na kulipa mwenyewe. Nikamwambia babu yangu alivuka Nile kwa ufagio. Nilidanganya kutoka Karuma mpaka kwao bila kumeza mate. Kila nikikaribia mwisho wa uongo mmoja, namwona pumzi inaanza kukimbia, naanza mwingine. Saa nyingine alisema, "Uongo," na mimi nasema, "Ongea na ufagio mwenyewe." Nilikuwa nimeshika usukani na nalia, mnajua? Nalia na nadanganya pamoja. Sijui kama inawezekana, lakini nilifanya.

Tukaacha lami, tukashika murramu. Vumbi likafunika vioo, hatukuwa tunaona pembeni. Ilikuwa imekaribia saa kumi, jua limeanza kuinama. Nikauliza njia kwa kupiga honi na kuonyesha mikono kupitia kioo cha mbele, watu wakanielekeza kwa midomo. Tukaingia kwenye uwanja wa nyumba. Watu wakatoka kila upande, vigelegele, mbwa, kuku. Nikazima gari.

Na Afande hakunyanyua kichwa. Ubao wa mlango uko kwenye mapaja yake, tumbo la mlango liko wazi, vidole vyake viko ndani vimeshika kioo, bisibisi kwenye meno. Amezama. Kwa sura ile, ungemwambia Yesu amerudi angesema asubiri kwenye foleni.

Nikamwona dada anakuja. Mdogo kuliko sauti yake, fimbo mkononi, amekataa kushikwa. Akaigusa boneti, akaifuata na kiganja mpaka kwenye dirisha la ndugu yake. Akaweka uso kwenye kioo. Akafuta vumbi na kitenge chake, akaweka uso tena.

"Ni yeye?"

"Ni yeye!" watu wakasema.

"Simwoni. Naona ukungu tu. Jicho limekwenda?" Akafuta tena kwa nguvu. "Nimechelewa?"

"Siyo jicho, mama, ni kioo!" nikapiga kelele kutoka ndani. "Kichafu hata kwa ndani!"

"Basi akifungue!"

"Dakika mbili, dada!" Afande anajibu, bisibisi bado iko kwenye meno. "Nimekikaribia! Siwezi kukufikia na dirisha limekufa, mimi ndiye fundi! Dakika mbili!"

Watu wakaanza kutoa msaada. Mmoja anasema kisukumwe chini, mwingine anasema kipigwe sabuni, mzee mmoja ameleta jembe anataka kuvunja, wanawake wanamvuta jembe, mimi niko chini ya usukani natafuta fyuzi ambayo najua haipo, Afande anahema, anapiga kelele, "Kimesogea! Kimesogea kidole kimoja!" na jua linashuka, na kila mtu mkono wake uko kwenye kile kioo.

Dada akarudi nyuma hatua moja. Akasikiliza zile kelele zote. Halafu akashusha fimbo, akaipiga kwenye ubavu wa gari, ko ko ko, watu wote wakanyamaza, akasema:

"Nyinyi! Kwani gari hii haina mlango?"